Jerotich Alivyokwenda Ljubljana

Miongoni mwa Wakenya wa Wheaton, jimbo la Maryland, hakuna anayemuuliza mwenzake kama ana makaratasi ya kukaa Amerika. Hilo ni swali la maafisa na la watu wasio na malezi. Wenye adabu zao huuliza, "Nyumbani unaenda lini?" kisha wanakunywa chai polepole huku wakikutazama usoni. Ukisema Desemba, wanaingoja Desemba. Ukisema kazi imebana, wanakupa pole, halafu wakishuka ngazi za nyumba yako wanatazamana.

Jerotich alikuwa amelijibu swali hilo kwa miaka kumi na mmoja. Alikuja na viza ya matembezi ya miezi sita, ikaisha, naye akabaki, akitunza wazee majumbani kwa watu ambao nao hawakupenda kuuliza mengi. Akitoka Amerika harudi tena, hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Kosa lake, na mimi nasema ni kosa ingawa ningekuwa yeye huenda ningelifanya, lilikuwa kumwambia baba yake mwaka wa tatu kwamba karatasi zimetoka. Mzee Kimutai alikuwa akiuliza kila wiki. Siku hiyo mgongo ulikuwa unamuuma Jerotich kwa kuinua wagonjwa, akaona heri amfurahishe mzee mara moja apumzike. Kumbe kule nyumbani Bomet, Kenya, mzee alichinja kondoo, akaita kanisa zima na chifu, na wakaomba wakishukuru mpaka giza likaingia. Baada ya hapo ungemwambiaje kwamba kondoo kaliwa bure?

Mwezi wa pili mwaka huu mama yake akafa. Presha ilipanda asubuhi, kufikia jioni hayupo. Mwili ukawekwa mochari siku kumi na mbili kumngoja mtoto wa kwanza atoke Amerika. Kila siku Kibet, mdogo wake, alipiga simu kuuliza ndege ni ya lini, na kila siku Jerotich alisema, "Kesho nitajua." Siku ya kumi na mbili akasema kazini wamemnyima ruhusa. Maziko aliyatazama kwenye simu, amekaa juu ya kifuniko cha choo nyumbani kwa mgonjwa wake, mlango ameufunga kwa ndani. Mchungaji aliita watoto mmoja mmoja kwa kufuatana na kuzaliwa, waje watie udongo. "Mtoto wa kwanza, Jerotich, aliye Amerika." Kuku akapita mbele ya kamera. Kisha Kibet akachukua koleo, akatia udongo kwa niaba ya dada yake.

Akina mama wa kanisa walikuja kumfariji jioni tatu mfululizo. Wao huabudu alasiri, katika jengo la Wazungu wanaowakodishia wakishamaliza ibada yao, na mwenyekiti wao ni Makena, nesi mwenye cheo, raia wa Amerika, mwanamke ambaye akiingia chumbani hata watoto wanaketi vizuri. Makena alileta chapati, akaongoza nyimbo, kisha akakunja mikono ya nguo akaosha vyombo mwenyewe.

"Hata kwa mama yako, Jero?" aliuliza, mgongo kamgeuzia. "Hata siku tano tu?"

"Kazi, dada. Wamenikatalia."

"Aki pole. Hizi kazi zetu," Makena akasema, na akaendelea kuisugua sufuria ileile, ambayo ilikuwa imetakata zamani.

Mwezi wa tatu, baada ya ibada, Makena akagonga kikombe kwa kijiko. Akina mama walikuwa wamechoka, alisema, kwenda ufuoni Maryland kila mwaka kula kamba na kurudi na mchanga kwenye viatu.

"Mwaka huu tunaenda Ulaya. Nimepata tiketi za bei poa za August. Ljubljana."

"Wapi hapo?"

"Capital ya Slovenia. Mji mdogo, safi, unauzunguka kwa miguu siku moja umemaliza. Kila mtu anitumie picha ya pasipoti yake kabla ya Ijumaa, ni-book zote pamoja." Akageuza uso wake mpana taratibu, kama anayegeuza chapati isiungue. "Jero, wewe unahitaji kupumzika kuliko sisi wote. Tutaanza na yako."

Pasipoti ya Jerotich ilikuwa chini ya godoro, imekufa miaka sita. Angeweza kusema hana likizo. Lakini kisingizio hicho alikuwa amekwisha kukitumia kwenye mazishi ya mama yake, na alihisi macho kumi na manne yakimngoja. Ndipo mdomo wake ukasema kabla kichwa hakijafika.

"Ljubljana? Si ndiko naenda mwezi ujao!"

"Wewe?"

"Na yule bibi mzee ninayemtunza College Park. Mtoto wake anampeleka, wananihitaji nisukume kiti. Sasa August nirudie nini tena?"

Wakashangilia. Makena naye akapiga makofi, matatu, akasema, "Utatutumia picha."

Rafiki wa kweli wa Jerotich mjini hapa ni mmoja, Mahoro, Mrundi aliyeletwa Amerika kama mkimbizi, kwa hiyo karatasi zake alishuka nazo uwanja wa ndege zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki mweupe. Wawili hao hupokezana kumtunza bibi mmoja wa miaka tisini na mmoja, aliyekuwa akifundisha historia chuoni. Mahoro hulala, Jerotich hushinda. Aliposikia habari hiyo alishika kichwa.

"Dada, weye unatafuta mateso. Iyi affaire haitaisha muzuri."

"Niachie zamu zako za usiku wiki hiyo tu. Nisionekane Wheaton."

"Zamu nitakupa. Lakini sema ukweli tu. Karibu nusu ya ile kanisa hawana papier."

"Hao nusu hawajui kwamba mwenzao hana. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake."

Na hivyo ndivyo Jerotich alivyokwenda Ljubljana. Jumapili alikokota sanduku mpaka kituo cha treni mchana kweupe, watu wamwone. Jumatatu asubuhi alikuwa College Park nyumbani kwa bibi, mapazia yameshushwa, amevaa slipa. Kwenye mtandao alikuta video za mtu anayetembea tu, hasemi neno, kamera kifuani, akipita mji mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaziweka kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, akasogeza kiti cha bibi mbele, naye akakaa kando yake na bakuli la uji.

Walitembea hivyo siku sita. Asubuhi walipita kando ya mto mwembamba wenye mierebi na meza za kahawa, wakavuka yale madaraja matatu yaliyolala ubavu kwa ubavu, wakaingia sokoni kwenye maboga na asali. Mchana walipanda ngomeni kwa kile kigari kinachokwea mlima chenyewe. Jerotich aliandika kila kitu katika daftari, na siku ya nne akagundua kwamba haandiki tena, anatazama tu. Moyo ulimlainika. Alikuwa hajaenda mahali popote kwa miaka kumi na mmoja, na sasa alijua ni mlango upi wa mkahawa una mbwa aliyelala. Bibi naye alifurahi. Alinyoosha kidole kwenye madirisha, akauliza kama wameleta mwavuli, na siku ya tano akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba miguu inamuuma, leo warudi hotelini mapema. Jerotich alicheka mpaka akainama.

Mahoro, aliyekuwa amekuja na mboga, akampiga picha palepale akicheka. Alikuwa amevaa koti la kijani la bibi, maana alikuwa akilijaribu. Mahoro ana mkono wa mambo hayo. Akaiingiza picha kwenye programu ya simu, akaifuta sebule, akamsimamisha mwenzake kwenye lile daraja la Ljubljana lenye sanamu za majoka ya kijani yenye mabawa, jua la asubuhi likimpiga shavuni. Hata kivuli akakiweka.

"Siyo bandia kabisa," Mahoro alisema, akiitazama kwa kiburi na kwa hofu. "Kicheko ni chako."

Jumapili iliyofuata Jerotich alirudi kanisani na chokoleti za duka moja la Wheaton alizozibandua lebo, na sumaku za friji zenye joka alizoagiza kwa posta. Makena alimsimamisha mbele ya akina mama baada ya ibada, wakati wa chai, akamwambia atoe ripoti.

"Kutoka sokoni mpaka ngomeni ni mbali?"

"Hapana, dada. Unakiona kile kigari ukivuka barabara tu. Lakini msivae viatu virefu, mawe ya barabara yatawavunja."

"Na chakula?"

"Soseji. Tena wanakula na haradali mpaka machozi."

"Hilo daraja la majoka, wanasema nini juu yake?"

Jerotich akatabasamu, maana hilo alikuwa ameliandika na kulipigia mstari. "Wenyeji husema eti bikira akivuka, majoka yanatikisa mkia."

"Na wewe ulipovuka?"

"Yalilala fofofo!"

Akina mama waliangua kicheko, chai ikamwagika. Makena alicheka pia, akaja akamkumbatia mbele ya wote, akamkandamiza kifuani kwa muda mrefu. "Utusamehe," akamnong'oneza. "Tulikuwa tumeanza kukufikiria vibaya." Jerotich karibu alie kwa faraja. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili alikula sahani nzima. Makena alipomwomba picha moja nzuri, ya kuweka kwenye ukurasa wa akina mama wa kanisa, aliituma ile ya darajani kabla hajaombwa mara ya pili.

Picha ikawekwa jioni ileile. Chini yake Makena aliandika: "Dada yetu Jerotich akipunguza machungu ya kumpoteza mama, jijini Ljubljana, Ulaya. Mungu ni mwema." Kisha, kwa kuwa ni mwanamke makini asiyeacha kazi nusu, akamtafuta Kibet wa Bomet mtandaoni, mtoto wa marehemu, akaliambatanisha jina lake na picha ili salamu zifike.

Zilifika. Jumatatu Jerotich alikuwa akimlisha bibi mchana simu ikalia. Ilikuwa ni Kibet, na nyuma yake kikasikika kikohozi cha mzee.

"Baba anataka kukuona," Kibet alisema, akageuza kamera.

Mzee Kimutai alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni, na kile kingine kando yake, cha mama, kilikuwa kimewekewa magunia ya mahindi. Alizungumza kwa Kikipsigis, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mvua.

"Wiki tisa. Mama yako ana wiki tisa ardhini. Tulimweka kwenye baridi siku kumi na mbili tukikungoja. Ukasema kazi imekukatalia. Hiyo kazi imekukubalia kwenda kucheka juu ya daraja?"

Jerotich aliweka kijiko chini. Nimemlaumu tangu mwanzo, lakini hapa nampa haki yake, maana hakuzunguka. Alisema yote. Alisema hakwenda popote, picha ni ya kutengenezwa, hana karatasi wala hakuwahi kuwa nazo, akitoka hawezi kurudi, na kondoo yule alichinjwa kwa uongo. Alisema alitaka sana kuja. Alilia kwa sauti hata bibi akamshika mkono.

Aliyejibu ni Kibet.

"Dada, nilikuona na macho yangu. Hayo ni meno yako, hicho ni kicheko chako."

"Kicheko ni changu. Daraja si langu. Ngoja nikuonyeshe pasipoti, imekufa miaka sita!" Alikuwa akitembea nayo mkobani tangu Makena aitake. Akaifungua mbele ya kamera, akaonyesha tarehe, akaonyesha kurasa tupu.

Kibet aliitazama. Alikuwa kijana mwenye akili, amesoma, na akili yake ndiyo iliyommaliza dada yake.

"Unasema unaweza kutengeneza daraja zima, na majoka, na kivuli," alisema. "Tarehe moja ndiyo itakushinda?"

Simu ikakatika. Alipiga mara nane, hakuna aliyepokea. Jumanne vilevile, Jumatano vilevile. Alhamisi Mahoro alimkuta amekaa jikoni na koti mwilini.

"Nani baba yako anaweza kumuamini?" Mahoro aliuliza.

Walifikiri wote wawili, wakafika mahali pamoja, kwa Makena. Mzee Kimutai ni mtu wa kanisa, na picha ililetwa na kanisa. Mahoro alisema, "Huyo mama hapana, dada. Huyo ana roho mubaya." Lakini Jerotich alikwisha kuchukua mkoba.

Makena anaishi kwenye nyumba ya ghorofa mbili nyuma ya yale maduka makubwa ya Wheaton. Alikuwa mapumzikoni siku hiyo, amefunga kitambaa kichwani, anakatakata mboga ya sukuma. Jerotich hakuketi. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, na jambo ambalo alikuwa amelificha miaka kumi na mmoja lilichukua dakika mbili tu.

Makena hakushangaa. Alifuta mikono.

"Nilijua siku ya mazishi," alisema. "Mtu mwenye karatasi huzika mama yake."

"Ulijua? Na bado ukamtumia Kibet?"

"Wewe ndiwe ulinipa picha, Jero. Mimi nilipost tu."

"Dada Makena, nakuomba. Mpigie baba. Mwambie hukuniona nikipanda ndege, mwambie unajua sina karatasi. Wewe atakuamini. Sitakuomba kitu kingine maisha yangu yote." Akapiga magoti kwenye vigae, na mimi sijui kama Makena alifurahi kumwona pale chini, ila najua hakumwambia inuka.

"Leta namba."

Bomet ilikuwa saa mbili za usiku. Makena aliweka simu mezani, sauti juu. Ililia mara mbili tu, mzee akapokea, na Makena akamsalimu kwa Kikipsigis.

"Chamgei, Mzee. Mimi ni Makena, mwenyekiti wa akina mama katika kanisa la Jerotich, huku Amerika."

"Chamgei. Wewe ndiye uliweka ile picha."

"Ndiye mimi."

"Basi nisaidie, mwanangu." Mzee alisema Kiswahili chake cha taratibu, cha shule za zamani. "Huyu mtoto ananiambia hakwenda huko. Anasema hana karatasi, picha imetengenezwa. Mimi nataka kumwamini. Wewe ni mtu wa Mungu. Niambie kweli nipate kulala."

Jerotich, bado yuko magotini, aliunganisha viganja vyake kama anayeomba. Makena alimtazama moja kwa moja.

"Mzee, kweli inauma," alisema. "Tulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Mimi mwenyewe nilimbebea sanduku."

"Dada!"

Makena aliinua kidole kimoja. "Alituletea na chokoleti, Mzee. Tulimshauri aende nyumbani kwanza. Hakusikia."

Upande wa pili mbwa alikuwa akibweka.

"Asante, mwanangu," mzee akasema. "Mungu akubariki kwa kutonificha. Namsikia huyo hapo akilia. Mwambie asipige tena simu nyumba hii. Mtoto wangu wa kwanza ni Kibet."

Makena akabonyeza, skrini ikawa nyeusi. Akachukua kisu, akarudi kwenye sukuma yake.

"Ungetaka niseme ukurasa wa kanisa unaweka uongo?" aliuliza bila hasira. "Na habari kwamba huna karatasi ingetoka Bomet ikafika hapa kabla ya Jumapili, na kesho mtu asiyekupenda awapigie wale watu wa uhamiaji waje wakuchukue. Nimekulinda. Utaona baadaye."

"Amenikana, dada. Baba amenikana."

Kisu kilisimama. "Baba yangu alizikwa mimi nikiwa shift, napangusa mgonjwa. Miaka tisa sikuwa na karatasi. Hawa wamama unaowaona walikuja, wakala, wakaniuliza kwa nini sikwenda, wakashuka ngazi wakicheka. Hakuna aliyenihurumia. Nilinyamaza nikavumilia. Wewe ulitaka ubaki na jina, na baba, na safari ya Ulaya juu." Akakata majani mawili zaidi. "Siri yako iko salama kwangu. Na Jumapili usikose, wamama wanataka uwachoree ramani, hoteli iwe upande gani wa mto."

Kisha akanyofoa karatasi laini kwenye boksi, akainama, akamfuta Jerotich machozi mwenyewe, jicho moja kisha la pili, kwa mkono mwepesi wa nesi aliyewafuta wengi.

Na Jerotich, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, akasema asante.